Lasiyem Aketi Mstari wa Mbele

Tulimwacha Ponidi jukwaani na mdomo wazi. Hadi hivi sasa mdomo huo haujafungwa.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana kwa sababu zako, sogea. Ponidi ndiye yule mwimbaji wa Wonogiri, mtoto wa fundi vitundu vya njiwa, aliyeanza kwa kuwaimbia walaji kwenye vibanda vya wali pale stendi ya mabasi, akaishia kukiimbia kisiwa kizima cha Java. Wimbo uliomtoa ulikuwa mmoja tu. Kaseti yake ilipoingia madukani, hapakuwa na kinyozi mjini Solo asiyeupiga, na wapo wateja waliotoka na nywele upande mmoja kwa sababu mwenye mkasi alikuwa anajifuta machozi.

*Lasiyem, ewe Lasiyem, waniacha kwenye reli,*
*Kwa tajiri mwenye gari, hukuniaga kikweli.*

Reli yenyewe ni ile ya kupitisha miwa kwenda kiwandani. Hapo ndipo, kwa mujibu wa wimbo, Ponidi alisimama na gitaa lake akimsubiri mpenzi, na mpenzi akapita ndani ya gari la tajiri bila kumpungia mkono. Nchi nzima ilimlilia Ponidi. Nchi nzima ilimlaani Lasiyem. Na Ponidi, ambaye aliachwa mara moja tu maishani, aliula mkasa huo mwaka nenda mwaka rudi kama mtu aliyerithi shamba.

Leo alikuwa kijijini Juwiring, kwenye harusi ya Winarsih, binti wa mzee Harjo Suwito mtengeneza tofu, ile jibini ya soya. Kadi ya mwaliko ilisema Bwana na Bibi Harjo Suwito, jina ambalo mzee alijipa siku ya kuoa, kama wafanyavyo wanaume wote wa huko, na mkewe akaingia humo humo. Ponidi hakuwa na sababu ya kuuliza jina la usichana la mama wa bibi harusi. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akageuka kuwaamkia wazazi kwa adabu.

Na pale kwenye kiti cha mama mzazi, pembeni mwa maharusi, ndani ya blauzi ya lesi ya kijani, fundo la nywele limechomekwa maua ya asmini, alikuwa ameketi Lasiyem. Lasiyem mwenyewe, wa wimbo. Amenenepa kidogo, kapendeza zaidi, na anajipepea polepole kwa kipepeo cha mkono huku akimtazama kama mama amtazamavyo mtoto aliyevunja kikombe.

Aliyemwokoa ni Retno. Retno Wulan ndiye sauti ya kike ya kundi lake, mwanamke mrefu, mcheshi wa maneno machache, ambaye amesafiri naye toka enzi za kulala kwenye mabenchi. Aliona mdomo uko wazi na sauti haitoki, akamfinya kiunoni, akaanza kuimba wimbo mwingine kabisa, wa kuwasifu maharusi. Wapiga ngoma wakamfuata. Ponidi akajifanya ndivyo walivyopanga.

"Umeona shetani?" Retno akamnong'oneza katikati ya beti.

"Afadhali shetani," Ponidi akasema.

Wimbo ulipoisha, vijana wa kijiji walianza kupokezana trei za supu mkono kwa mkono, toka jikoni hadi kiti cha mwisho. Watu wakainamia vijiko. Hapo mpishi mmoja akaja nyuma ya jukwaa, akasema mama wa bibi harusi anamwita mwimbaji jikoni mara moja, kuhusu nyimbo.

Ponidi alijitengeneza kola. Tuseme ukweli, wasomaji wangu, mwanamume ni mwanamume. Njiani kuelekea jikoni, akiruka sufuria na magunia ya soya, alishapanga atakavyompokea. Angelia yule, hapana shaka. Angesema amejuta. Naye angemwambia kwa upole kwamba yaliyopita yamepita, na pengine humo humo mngepatikana wimbo wa pili.

Lasiyem alikuwa anaonja mchuzi kwenye kiganja. Hakulia. Hakugeuka hata.

"Mas Pon," alisema, akimwita kaka kama alivyokuwa akimwita zamani, "ni gari lipi?"

Ponidi akauliza gari gani.

"Hilo ninalokuuliza mimi. Gari la tajiri. Miaka yote hii nalitafuta uani kwangu silioni. Kama unajua lilipo nionyeshe, maana tofu hizi nazipeleka sokoni kwa baiskeli."

Ponidi akasema kwamba hiyo ni sanaa. Kwamba baiskeli haikukaa vizuri kwenye mizani ya beti.

Lasiyem akacheka, na kucheka kwake kulimuuma Ponidi kuliko kama angelia. Kisha akamweleza maisha yake na wimbo ule. Kwamba sokoni Delanggu, wauza kuku walikuwa wakimwona wanaanza kuupiga mluzi. Kwamba mbuzi wa jirani aliyekimbia zizi alipewa jina lake. Kwamba Winarsih alipoanza shule alirudi nyumbani akilia, kwa kuwa wenzake walimwimbia mamake njia nzima. Ndiyo maana alifurahi sana kuitwa Bibi Harjo, akalizika jina la Lasiyem kama mtu azikavyo jino la mtoto, kimya kimya, nyuma ya nyumba. Yote hayo aliyasimulia akikoroga mchuzi, bila kupandisha sauti.

"Lakini uliniacha," Ponidi akasema. Ndiyo kauli pekee aliyokuwa nayo.

Sasa Lasiyem akageuka.

"Nilikuacha na nini? Ulikuja kwetu msimu mzima wa miwa. Umeimba chini ya dirisha, umeimba kisimani, umeimba mpaka baba akawa anakutolea mkeka. Nikikuletea chai, unaimba. Nikikaa kimya ili useme neno, unakaza nyuzi za gitaa. Mas Pon, ulinitaka?"

"Nilikutaka sana."

"Ulimwambia nani?"

Ponidi akafikiri. Alikumbuka aliwaambia wapiga gitaa wenzake. Alimwambia mwenye kibanda cha wali. Baadaye aliiambia Java nzima, upande wa kwanza wa kaseti. Akapekua kichwa chake chote akitafuta siku aliyomwambia mwenyewe, hakuipata.

"Mzee Harjo alileta tofu kwetu mchana mmoja," Lasiyem akaendelea. "Akaweka ndoo chini, akafuta mikono, akaniuliza kama nitakubali kuwa mke wake. Nikamwambia nipe siku niwaze. Siku hiyo nikakusubiri wewe. Ukaja, ukaimba, ukaondoka."

Wapishi wawili waliokuwa wanamenya vitunguu walikuwa wameacha kumenya.

Ponidi angetamani kuketi, lakini kila kigoda kilikuwa na bakuli. Hapo ndipo Lasiyem akamwambia jambo alilomwitia jikoni. Mama wa bwana harusi, Bu Atmo, yaani Mama Atmo, mfuga ng'ombe wa maziwa wa Boyolali, alikuwa anaupenda wimbo wa Lasiyem kuliko sala ya asubuhi. Huwapigia ng'ombe kaseti hiyo wakati wa kukamua. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba lazima aitwe Ponidi na si mwingine. Na mama huyo ameapa, mbele ya mashahidi wengi, kwamba akikutana na yule mwanamke mkatili wa relini atampaka pilipili ya kusaga machoni.

"Hajui ni mimi," Lasiyem akasema. "Na kesho mwanangu anakwenda kukaa chini ya paa lake. Ukilitaja jina langu leo na watu wa hapa wakageuka kunitazama, Winarsih ataila pilipili hiyo kila siku, kijiko kwa kijiko. Niahidi, Mas. Usiuimbe."

Ponidi akaahidi. Aliahidi kwa dhati, mkono kifuani. Tatizo la ahadi za wasanii ni kwamba hutolewa jikoni na kudaiwa jukwaani.

Maana aliporudi, Bu Atmo alikuwa amesimama mbele ya jukwaa akimsubiri.

Alikuwa mwanamke mpana, sauti yake imezoea kuita ng'ombe bondeni, na mkononi alikuwa na leso mbili safi zilizokunjwa vizuri, tayari kwa kazi. Akaomba wimbo wake. Ponidi akasema koo linamsumbua. Bu Atmo akaagiza tangawizi ya moto, ikaja, ikanywewa mbele yake mpaka tone la mwisho. Ponidi akasema siku ya furaha haifai wimbo wa huzuni. Bu Atmo akamjibu kwamba ameolewa, amezaa, amezika mume, na hajaona siku ya furaha iliyoharibiwa na machozi kidogo. Nyuma yake, basi zima la watu wa Boyolali likaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja.

Lasiyem alikuwa amerudi kitini. Kipepeo chake kilikuwa hakitikisiki.

Basi Ponidi akafanya hila. Aliwaza kwamba wimbo ni wake, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuhamisha mlango. Akaanza kuimba, na alipofika kwenye jina, akaliruka.

*Mpenzi wee, ewe mpenzi…*

"Lasiyem!" ukumbi mzima ukaitikia, watoto kwa wazee.

Akajaribu tena. Akaweka jina la Waginem. Watu wakadhani anatania, wakacheka, wakamrekebisha kwa sauti kubwa zaidi. Hata mpiga kinanda wake, ambaye hajui lolote, alimwonyesha jina kwa midomo, kwa wema tu. Na kila jina lilipotajwa, watu wa Juwiring waliomjua Bibi Harjo toka ujana walishindwa kujizuia. Kichwa kimoja kikageuka kuelekea kiti cha mama wa bibi harusi. Kisha vitano. Kisha mstari mzima.

Bu Atmo hakuwa mjinga. Mtu anayejua ng'ombe yupi kaficha maziwa huona mengi. Akainua mkono, muziki ukakatika.

"Mas Pon," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti, "leo umelikimbia jina kama deni. Huyo Lasiyem yuko wapi siku hizi?"

Huko nyuma mtoto mmoja aliangusha kijiko, kikasikika mpaka kilipotua. Winarsih, kwenye kiti cha kifalme, ameshika mkono wa mumewe, alikuwa amepauka chini ya poda yote ile.

Ponidi akatazama chini. Mtunzi wa nyimbo, mwenye maneno ya kuwatosha walioachwa wote wa Java, akaanza kukaza nyuzi za gitaa.

Aliyejibu ni mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamfikiria. Mzee Harjo Suwito, mtengeneza tofu, mwembamba, mpole, mwenye kofia ya batiki iliyokaa upande, aliinuka kitini mwake kama anayetaka kuomba chumvi.

"Yuko hapa, mkwe," alisema. "Ni mke wangu. Na yule tajiri mwenye gari ni mimi."

Watu wakamtazama mzee Harjo toka kofia mpaka kandambili, ambazo alikuwa amezirudia baada ya viatu vya harusi kumbana. Mmoja akaguna. Wa pili akacheka kupitia pua. Mzee Harjo akaendelea kwa utaratibu wake, akasema gari liko nyuma ya nyumba, lina magurudumu mawili na ndoo mbili, na anayetaka kuliona asogee tu lakini asiguse breki kwa kuwa hazipo. Akasema wimbo huo anaujua wote. Huuimba alfajiri anapokamua soya, kwa sababu ni wimbo mzuri na hajawahi kuitwa tajiri mahali pengine popote. Na akasema, kwa heshima zote kwa msanii, kwamba hakumpora mtu mchumba. Alimkuta msichana ambaye hajaulizwa, akamuuliza.

Kicheko kilianzia jikoni, kwa wamenya vitunguu, kikaja mbele kama moto wa majani makavu.

Bu Atmo peke yake hakucheka. Alimgeukia Ponidi, leso zikiwa bado mkononi.

"Ni kweli? Hukumuuliza?"

"Sikupata nafasi, Bu."

"Msimu mzima wa miwa," Lasiyem akasema kutoka kitini, kwa upole tu, kama anayemkumbusha.

Bu Atmo akapanda jukwaa la maharusi. Winarsih akafumba macho. Watu wakaacha kucheka, maana kiapo ni kiapo, na bakuli la pilipili lilikuwa mezani, karibu kabisa na mkono wake wa kuume. Mama yule akafika mbele ya Lasiyem, akamtazama kwa muda, kisha akajibwaga kwenye kiti cha pembeni mpaka kikalia, akampa leso moja.

"Na mimi alikuwepo wa kwangu," akasema. "Alikuwa anapiga filimbi nje ya uzio. Mwaka mzima anapiga filimbi. Mimi si ng'ombe, mwenzangu. Nikaolewa na aliyegonga mlango." Akapenga kamasi kwenye leso iliyobaki. "Na nimekulaani wewe kila nikikamua. Maziwa yote yale."

Lasiyem akamwambia kwamba maziwa hayakudhurika. Wakaegemeana mabega, wakacheka mpaka asmini zikadondoka, na Winarsih akafumbua jicho moja, kisha la pili.

Ponidi alidhani yamekwisha. Alikuwa anatafuta pa kupitia ashuke jukwaani kimya kimya, ndipo aliposikia kipaza sauti kikichukuliwa mkononi mwake. Ni Retno. Akamwashiria mpiga ngoma, ule ule mpigo, na akaimba ubeti ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kwa kuwa alikuwa anautunga pale pale.

*Mas Ponidi, Mas Ponidi, uliimba hukusema,*
*Mwenye tofu kauliza, nikamjibu mapema.*

Ukumbi uliinuka. Wakamtaka aurudie, akaurudia. Watu wa Boyolali wakaimba pamoja naye, na watu wa Juwiring wakagonga meza. Mzee Harjo alipunga mkono kama mheshimiwa aliye ndani ya gari. Ponidi akapiga gitaa, maana angefanya nini. Lakini alikuwa anasikiliza. Alikuwa amezoea sauti ya Retno kama mtu azoeavyo mto wake wa kulalia. Leo ilikuwa na kitu ndani yake. Aliyekuwa anaimba hakuwa anamtazama Lasiyem, wala hadhira. Alikuwa anamtazama yeye, na macho hayakuwa yanatania kama maneno yalivyotania.

Wimbo ukaisha kwa vifijo. Retno akarudisha kipaza sauti, akashuka kwa nyuma bila kungoja sifa.

Lasiyem akamwita Ponidi kwa kidole. Alisogea, akainama.

"Ule ubeti," akasema, "kauimba kwa niaba yangu?"

Ponidi akasema ndivyo anavyodhani.

"Hujabadilika hata kidogo, Mas Pon." Akachukua kipepeo chake. "Nenda. Na liache gitaa hapa."

Akaliacha. Wapiga ngoma wake wanaapa kwamba hawajawahi kumwona akitembea bila gitaa, na kwamba mikono ilimning'inia kama ya mtu aliyeiazima. Alimkuta Retno nyuma ya nyumba, kando ya ile baiskeli ya ndoo mbili. Alikuwa ameshavua maua ya nywele na kubadili nguo, na mkononi alikuwa na sanduku lake. Si lile dogo la safari za kazi. Lile kubwa.

Retno akamwambia kabla hajaulizwa. Kundi moja la Surabaya limemwomba ajiunge nalo. Wanapiga kumbi kubwa, wana vyombo vya umeme, na wamemtumia gari, lile pale barabarani. Alikuwa amewaambia atafikiri. Amefikiri toka msimu wa mvua, akisubiri kama kuna mtu ana neno. Hakuna mtu aliyekuwa na neno. Kuna mtu alikuwa na nyimbo nyingi.

Beti tatu zilimjia Ponidi papo hapo, zote nzuri, mojawapo ya kufa mtu. Akazimeza moja moja.

"Retno," akasema. "Usiende. Nataka nikuoe. Nakuuliza. Utakubali?"

Hayakuwa na vina. Hayakuwa na mizani. Sauti ilikatika katikati kama ya mtoto anayebalehe. Lakini yalikuwa yametoka, yote, kwa mpangilio unaoeleweka.

Retno aliweka sanduku chini. Kwa muda alikuwa kama anayetaka kucheka, kisha kama anayetaka jambo jingine. Dereva wa Surabaya akapiga honi. Hakugeuka.

"Vizuri," akasema taratibu. "Umeuliza. Sasa na mimi nikuulize, Mas, kitu kidogo tu. Utakwenda kwa baba yangu, huko Ngawi, kunitaka. Yule mzee hana kaseti, hana redio, hajui majina ya jukwaani. Hilo la Retno Wulan ulinipa wewe, ulilitoa kwenye kopo la poda siku ya kwanza niliyoingia kundini, na hukuwahi kuniuliza nilikuja na lipi. Atakukaribisha, atakupa chai, atakuuliza umekuja kumtaka nani kati ya mabinti zake."

Honi ikalia tena, ndefu.

"Sisi tuko wanne nyumbani," Retno akasema, akiinua sanduku lake. "Utamtajia jina gani?"